KUBADILI JINA HAKUBADILI HUKUMU

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni Zake peke Yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu wa Lusangi, wa Kasongo, wa Kabambare na wa vijiji vyote vinavyotuzunguka,

Ijumaa hii tunataka kuzungumza juu ya swali moja ambalo wakubwa wa dunia wamebishana juu yake kwa miaka mingi: mtu akifungwa juu ya ubao, akafunikwa kitambaa usoni, akamwagiwa maji mpaka aone anakufa, je, hayo ni mateso, au ni namna ya kumuuliza maswali? Huenda mmoja wenu atasema, hayo ni mambo ya Marekani, sisi yanatuhusu nini? Tunaomba asome mpaka mwisho. Swali hili limefika kwetu zamani, na linalala katika nyumba zetu.

Tuanze na msingi. Mtume wetu (S.A.W.) alitutahadharisha kwamba watakuja watu katika umma wake ambao watakunywa ulevi na kuupa jina jingine. Wanavyuoni wamechota kutoka hadithi hiyo kanuni kubwa: hukumu inafuata kitu chenyewe, haifuati jina lake. Ukiita pombe dawa ya baridi, italevya vilevile. Ukiita riba zawadi, itabaki riba. Na mwenye kubadili jina anakuwa na makosa mawili, kosa la tendo na kosa la kuwadanganya watu ili tendo liwe jepesi machoni mwao.

Sasa tutazame jambo la maji. Mfungwa analazwa chali juu ya ubao ulioinama, kichwa chini, miguu juu, mikono imefungwa. Wanamfunika kitambaa mdomo na pua, kisha wanamwaga maji juu ya kitambaa. Hewa haipiti. Maji yanaingia puani na kooni. Mwili wote unapiga kelele kwamba unazama, kwa sababu kweli unazama, ila anayemwaga maji ndiye anayeamua asimame lini. Kisha wanamwinua, anatapika, anavuta pumzi, wanamlaza tena.

Tarehe 1 Agosti 2002 wanasheria wa serikali ya Marekani waliandika waraka, ukatiwa saini na Jay Bybee, kusema kwamba jambo hilo si mateso kwa sheria yao. Katika waraka mwingine wa siku hiyohiyo walieleza kwamba maumivu hayaitwi mateso mpaka yafikie kiasi cha maumivu ya kiungo kuharibika au ya kifo. Na kazi yote ile wakaipa jina la mbinu za kuhoji zilizoimarishwa. Tazameni jina hilo. Hakuna maji ndani yake, hakuna ubao, hakuna mtu. Kwa jina hilo mfungwa mmoja, Abu Zubaydah, alimwagiwa maji mara 83 katika mwezi ule wa Agosti, na mwingine, Khalid Sheikh Mohammed, mara 183 katika mwezi wa Machi 2003.

Lakini Marekani yenyewe ilikuwa inalijua jina la kweli. Baada ya vita kuu ya pili, katika mwaka 1947, mahakama yake ya kijeshi huko Yokohama ilimhukumu Mjapani Yukio Asano kifungo cha miaka 15 na kazi ngumu, na miongoni mwa makosa yake ilikuwa kuwatesa wafungwa kwa maji. Maji yakiwa mkononi mwa adui yaliitwa mateso. Maji yaleyale yakiwa mkononi mwao yakaitwa mbinu. Hapo ndipo tunapoona kwamba mabishano hayakuwa juu ya maji, yalikuwa juu ya nani anayeshika ndoo.

Ndugu zangu, Rais Obama alipiga marufuku mambo hayo tarehe 22 Januari 2009, na mwaka 2014 akakiri mbele ya waandishi wa habari kwamba nchi yake ilitesa watu. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo Baraza la Seneti likatoa ripoti, na ndani yake tukajifunza kwamba Abu Zubaydah safari moja alizimia kabisa, mapovu yakimtoka mdomoni uliojaa maji, na kwamba hata mganga wao mmoja aliandika kuwa yanayofanyika ni kumzamisha mtu tena na tena nusura afe. Basi aliyekuwa karibu na ubao alijua. Aliyekuwa ofisini na kalamu ndiye aliyesema si mateso.

Kwa hiyo tunauliza: nani ana haki ya kukipa kitu hiki jina? Tuwasikilize waliolala chini.

Kuna ndugu yetu wa lugha na wa dini, Mtanzania, Suleiman Abdullah Salim, mvuvi na mfanyabiashara. Mwaka 2003 alikamatwa Mogadishu na watu wa mbabe mmoja wa vita, akatiwa mikononi mwa Wamarekani, akapelekwa Afghanistan katika gereza la siri lenye giza, ambalo ripoti inaliita COBALT. Huko alining'inizwa kwa minyororo, akanyimwa usingizi, akapigiwa muziki wa kishindo. Alivuliwa nguo, akamwagiwa maji ya baridi kali, akavingirishwa ndani ya turubai, akapigwa. Katika gereza hilohilo, Novemba 2002, Mwafghani Gul Rahman alikuwa amekufa kwa baridi. Suleiman alikaa kifungoni miaka mitano. Mwaka 2008 wakamwachia, wakampa karatasi inayosema kwamba yeye si hatari kwa majeshi ya Marekani. Miaka mitano, kisha karatasi moja.

Na hapa mchezo wa majina unaonekana wazi. Wakubwa walisema waliofanyiwa yale ya ubao ni watu watatu tu. Haya ya Suleiman waliyaita kumwagiwa maji tu, jina jingine na orodha nyingine. Lakini ripoti ya Seneti ilitaja picha ya ubao wa maji uliokuwa COBALT, pembeni yake ndoo, mahali ambapo vitabu vyao vilisema haukutumika kamwe. Ukimuuliza mtu aliyetetemeka ndani ya turubai kama yaliyompata yamo katika orodha ya kwanza au ya pili, atakujibu nini? Mwaka 2015 Suleiman, pamoja na Mlibya mmoja na jamaa za Gul Rahman, waliwashitaki wanasaikolojia wawili waliotunga mbinu zile, James Mitchell na Bruce Jessen, ambao kampuni yao ililipwa dola milioni 81. Mwezi wa Agosti 2017, kabla kesi haijaanza kusikilizwa mbele ya wazee wa mahakama, washitakiwa wakakubali mapatano. Mvuvi alisimama mbele ya sheria ya nchi kubwa na kuliita jambo kwa jina lake.

Mtu atasema: Suleiman hakuwa na kosa, tunamhurumia. Lakini je, mtu mwovu kweli? Mtu anayejua bomu liko wapi?

Ni swali la haki, na hatulikimbii. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka Nairobi na Dar es Salaam. Watu 224 walikufa, wengi wao Waafrika waliokuwa wakitafuta riziki yao, na Waislamu walikuwamo. Hatuna neno la kuwatetea waliofanya hayo. Mmoja wa walioshitakiwa ni Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar. Alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akafichwa na watu wa ujasusi karibu miaka miwili, akahojiwa kwa mbinu zao kali. Mwaka 2010 alipofika mbele ya mahakama New York, mashitaka yalikuwa zaidi ya 280. Serikali ilikuwa na shahidi mkubwa, mtu aliyedaiwa kumuuzia baruti. Jaji Lewis Kaplan akamkataa shahidi huyo, kwa sababu walimpata kupitia maneno aliyoyasema Ghailani akiwa katika kulazimishwa. Baraza la mahakama likamkuta na hatia katika shitaka moja tu, na mengine yote likamwachia. Kwa shitaka hilo moja alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2011.

Zingatieni hapo. Wafiwa wa Nairobi na Dar es Salaam walitaka kusikia mahakamani hukumu ya kila roho iliyopotea. Aliyewanyang'anya hukumu hiyo ni yule aliyedhani anawasaidia kwa kumkamua mtu gizani. Mateso yanamdhulumu asiye na kosa, kama Suleiman, na kwa mwenye kosa yanaharibu ushahidi na kuwadhulumu aliowakosea.

Sheria yetu ya Kiislamu ilijua hayo kabla ya mahakama ya New York. Ammar bin Yasir (R.A.) aliteswa na makafiri wa Makka mpaka akatamka maneno ya kufuru, na katika baadhi ya mapokezi imeelezwa kwamba walimzamisha ndani ya maji. Alikuja kwa Mtume (S.A.W.) akilia, na Mtume akampangusa machozi. Aya ikashuka katika Sura ya Nahl kumtoa lawamani aliyelazimishwa huku moyo wake umetulia katika imani. Kama neno la kufuru, lililo kubwa kuliko maneno yote, halihesabiwi likitoka chini ya maji, vipi neno la kukiri wizi lihesabiwe?

Na sahaba Nu'man bin Bashir (R.A.) aliletewa watu wanaoshukiwa kuiba. Akawaweka siku chache, akawaachia. Wenye mali wakalalamika: umewaachia bila kupigwa? Akawaambia kwa maana hii: mkitaka nitawapiga, mali yenu ikitokea ni heri, isipotokea nitachukua katika migongo yenu kiasi kile nilichochukua katika migongo yao. Wakashangaa, wakauliza kama hiyo ni hukumu yake. Akajibu ni hukumu ya Mungu na ya Mtume Wake. Wenye mali wakanyamaza, na hakuna aliyepigwa.

Tena yuko Hisham bin Hakim (R.A.). Alipita katika nchi ya Sham akaona wakulima wamesimamishwa juani na mafuta yamemwagwa juu ya vichwa vyao. Akauliza kuna nini. Wakamwambia ni kwa ajili ya kodi. Kodi ni jina zuri, ni haki ya serikali. Hisham hakulichukua jina hilo. Alisema kwamba amemsikia Mtume (S.A.W.) akisema kuwa Mwenyezi Mungu atawatesa wale wanaowatesa watu duniani. Akaingia kwa liwali, akamweleza, na liwali akaamuru waachiwe. Tena wale wakulima hawakuwa Waislamu. Hisham hakuuliza dini yao kwanza.

Hapa tuangalie lugha yetu kidogo. Neno alilotumia Mtume kwa Kiarabu ni lile lililotupa sisi neno adhabu. Lakini kwa Kiswahili adhabu imekuwa neno la haki: mwalimu anatoa adhabu, hakimu anatoa adhabu. Basi mtesaji akija kwetu anajificha nyuma ya neno hilo. Anasema, namwadhibu. Tumjibu: adhabu inakuja baada ya hukumu, na ina kipimo. Kinachokuja kabla ya hukumu, ili kumtoa mtu maneno, hakiitwi adhabu, kinaitwa mateso.

Na sisi wa Maniema majina haya tunayajua. Wazee wetu walilazwa kifudifudi na askari wa Bula Matari, wakachapwa fimbo ya ngozi ya kiboko huku mtu akihesabu. Katika vitabu vya serikali hiyo iliitwa nidhamu, na ilikuwa na idadi iliyoandikwa, kama dawa ya hospitali. Na tusijifiche sisi wenyewe. Kabla ya Bula Matari, Kasongo ilipokuwa ya Tippu Tip, watu walipita katika njia hizi na kongwa shingoni na minyororo miguuni, na walioshika minyororo wengine walikuwa wanaswali kama sisi. Waliita biashara. Aliyekuwa na kongwa shingoni hakuiita hivyo.

Leo nchi yetu ina sheria. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 61, inasema mateso hayaruhusiwi hata katika hali ya hatari, na katika kifungu cha 18 inasema mtu asikae mikononi mwa polisi kabla ya kufikishwa kwa wakubwa wa sheria zaidi ya saa 48. Sheria namba 11/008 ya tarehe 9 Julai 2011 imefanya mateso kuwa kosa la jinai: kifungo cha miaka 5 hadi 10, na mtu akifa kutokana nayo, kifungo cha maisha. Sheria hiyo haiulizi mtesaji aliita tendo lake jina gani. Inauliza alifanya nini na kwa nini.

Basi tatizo liko wapi? Ndugu zangu, mwandishi wa karatasi hii ana jambo la kusema, na anamwomba Mungu msamaha anapolisema.

Miaka iliyopita nilikuwa na kinga, yaani baiskeli yangu ya kubebea mizigo. Usiku mmoja ikapotea. Nikamshuku kijana wa jirani, kwa sababu hakuwa na kazi na jana yake alikuwa ameipapasa akiisifu. Akakamatwa, akatiwa kasho. Nikaenda mimi mwenyewe, nikamwambia askari maneno haya: "Komanda, mumuulize vizuri." Askari alielewa, na mimi nilielewa kwamba ameelewa. Nikatoa franga, zikaitwa za karatasi na kalamu. Kisha nikaenda kuswali Isha.

Asubuhi kijana alikuwa amekiri. Alisema ameiuza Kabambare, akamtaja na mnunuzi. Tukamtafuta mnunuzi, hakuna mtu wa jina hilo. Wakamuuliza tena, akataja mwingine. Baada ya miezi miwili mpwa wangu akarudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Namoya, anaisukuma kinga yangu. Aliichukua usiku ule bila kuaga, akadhani mjomba hatakasirika.

Kijana yule alikiri wizi ambao haukufanyika. Nilikwenda kwa mama yake kuomba radhi. Hakunifukuza. Alinipa kiti, akakaa chini mbele yangu, akasema: "Maalim, wewe ulisema aulizwe. Sisi tulikuwa nje ya ukuta, tulisikia namna alivyoulizwa." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Mtoto wake anatembea kwa kuchechemea kidogo, mnamwona, wala hamjui sababu.

Ndiyo maana nimeandika juu ya ubao wa Marekani. Nilipoyasoma maneno yale, mbinu za kuhoji, niliyatambua. Yalikuwa maneno yangu. Yule mwanasheria na kalamu yake, na mimi na "mumuulize vizuri" yangu, tumefanya kazi moja. Hakuna kati yetu aliyegusa maji wala fimbo. Sisi tulitoa jina tu, na jina ndilo lililofungua mlango.

Kwa hiyo tunausiana mambo matatu.

La kwanza, tuyaache maneno ya kuficha. Usiseme kumnyoosha, kumtia adabu, kumsaidia akumbuke. Kabla hujamwambia askari neno, jiulize kama ungelisema mbele ya mama wa yule mtu. Likikushinda, basi unalijua jina la kweli.

La pili, mali ikipotea, tudai kwa ushahidi. Mwenye kudai alete shahidi, asiye na shahidi asubiri. Baiskeli ikipotea inanunuliwa nyingine. Mguu haununuliwi. Na mtu akishikwa zaidi ya saa 48, jamaa na wazee wa msikiti waende pamoja kuuliza, kwa adabu lakini bila kuogopa, kama Hisham alivyoingia kwa liwali.

La tatu, tusiwahurumie watu wetu peke yao. Tukilia kwa ajili ya Suleiman kwa kuwa ni Mwislamu na mwenye lugha yetu, kisha tukanyamaza mwizi asiyekuwa wa kabila letu anapopigwa sokoni, kilio chetu ni cha ukoo, si cha haki.

Ee Mwenyezi Mungu, tusamehe tulichokifanya kwa mikono yetu, na tulichokifanya kwa ndimi zetu kupitia mikono ya wengine. Waponye walioteswa, wa karibu na wa mbali. Wape mahakimu wetu ujasiri, na askari wetu huruma. Tuoneshe haki kuwa ni haki na utupe kuifuata, na batili kuwa ni batili na utupe kuiepuka. Amin.

Wabillahi tawfiq.

(Karatasi hii ina majina matukufu. Usiitupe chini. Ukimaliza kusoma, mpe jirani yako ambaye hakuhudhuria.)